Majani Yaliyoficha Mlango Wetu

Watu wengi huipenda harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Mimi, jamani, siiwezi. Nikiisikia tu narudi mwaka ule wa vita, katika nyumba hii hii ya mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, majani yalipopanda hadi yakafika madirishani mwetu. Kwa kawaida ua wa kwetu hauoti kitu. Mwanamke anayejiheshimu huupalilia na kuufagia kila asubuhi, ukabaki udongo mtupu. Lakini mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda Pangi kwenye matanga ya bibi, akatuachia beseni la unga wa muhogo na kuniambia, "Aziza, mbele ya unga kuisha, nitakuwa nimerudi." Alipovuka mto tu, njia ikafungwa. Unga ukaisha, na mama hakurudi.

Mtu ataniuliza, panga hamkuwa nalo? Tulikuwa nalo, tukalitupa chooni pamoja na jembe na kila chenye makali. Siku hizo mwanamume aliyekutwa na panga kwenye barieri, kizuizi cha askari barabarani, aliitwa mpiganaji, na hakuulizwa swali la pili. Tuling'oa kwa mikono, mimi na baba, hadi viganja vikachanika, na mvua ya Maniema ikayarudisha yote. Wala si uchafu uliomtesa baba. Nyumba yenye majani mlangoni ilikuwa nyumba ya watu waliokufa au waliokimbilia msituni, na mtaani kwetu zilikuwa nyingi. "Mama yako akifika, akaona majani hii," aliniambia, "atasema sisi tulishaisha. Atapita." Nilikuwa mtoto, nikaamini kila neno. Hata leo sina hakika kwamba alikosea.

Baba alikuwa fundi umeme wa reli, na treni zilikuwa zimelala. Siku moja akarudi akikokota kitu chekundu chenye magurudumu manne, alichokiokota kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba ya wazungu waliokimbia. Ilikuwa mashine ya kukatia majani, ya betri. Mpini ulikuwa umevunjika, panya wamekula nyaya, betri yake imevimba na kupasuka. Jirani yetu, Mama Fatuma, alicheka hadi akajishika kiuno. "Baba Aziza! Watu wanakosa hata sombe ya kupika, weye unatuletea gari ya muzungu ya kula majani?" Baba aliinamisha kichwa na kuanza kufungua skrubu.

Aliifanyia kazi barazani siku nyingi, nami nikimshikia misumari. Mpini aliuunda kwa mti wa mpera. Ndani ya mota vile vipande vya makaa vinavyopitisha umeme vilikuwa vimekwisha, basi akapasua betri kuukuu za tochi, akatoa vile vijiti vyeusi vya katikati, akavisugua kwenye sakafu hadi vikaenea. Ikabaki betri kubwa. Tulikuwa na moja tu, ya lori, iliyowasha redio yetu. Mapadri wa misheni walituchajia kwa sola yao, na majirani walikuja kwetu kusikiliza habari za vita. Baba akaing'oa, akaifunga juu ya mashine kwa mipira ya baiskeli. Mama Fatuma safari hii hakucheka. "Na habari tutasikia wapi?" Baba akamjibu, "Habari ya nini, mama? Kila siku ninasikiliza. Hawataji jina yake."

Tuliijaribu asubuhi, umande ulipokauka. Mashine ile ilizoea majani laini ya bustani. Yetu yaliikaba, ikazimika. Baba akaiinua kwa mbele, akaishusha juu ya majani polepole kama mtu anayefunika chungu, na hapo ikala. Ililia kama nyuki ndani ya sufuria. Harufu ikajaa mtaa mzima. Nilikuwa nikipiga vigelegele askari alipotokea upande wa barieri, bunduki begani.

"Hii njo kitu gani?" akauliza.

"Ya kukata majani tu, chef," baba akajibu; askari wote tuliwaita hivyo.

"Panga iko wapi?"

"Hakuna panga, chef."

Na chini ya mashine kisu kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu! Askari akainama, akaitazama, kisha akasema, "Lete nijaribu." Alikuwa kijana mdogo kumbe. Aliisukuma huku akicheka peke yake, akaturudishia, akaenda zake. Betri ikafa kabla hatujafika barabarani, tukamalizia kwa mikono. Baba akasimama pale barabarani, akageuka, akaitazama nyumba yake. "Sasa ataona mulango," akasema. Mimi nikanawa uso, nikavaa gauni langu la Idi, nikaketi kizingitini kumngoja mama.

Subira yavuta heri, wazee walimwambia baba. Kwetu ilivuta majani. Aliyakata masika baada ya masika, hadi mashine yenyewe ikala kutu. Vita vilipokwisha watu walirudi kutoka Pangi. Mmoja alisema alimwona mama kwenye mji mdogo wa Kama, mwingine akasema alizikwa porini, na baba akakataa katakata kuweka matanga. Amekufa akiwa bado mume wa mtu.

Leo mapanga yamerundikwa sokoni kwenye meza za wafanyabiashara wa Butembo, na hakuna anayekuuliza unalipeleka wapi. Kabla ya Ramadhani wenzangu hubeba majembe kwenda kupalilia makaburi ya mama zao. Mimi sina kaburi la kupalilia. Nachukua panga langu, nakata majani kutoka mlangoni hadi barabarani. Juzi mwanangu aliniuliza kwa nini najichosha, wakati sisi sote na wageni wetu tunapitia mlango wa nyuma. Nikamwambia, kuna mmoja aliondoka kabla hatujautoboa huo wa nyuma. Yeye anaujua huu tu.