Kibao cha Suluari

Washikaji, Idi yangu imekufa leo mchana, na mdomo wangu ndio ulioiua.

Mnanijua. Mtu akichanganya r na l, mimi namsahihisha hapo hapo. Mtaa mzima wa Nyamirambo, nani ananishinda kuandika?

Basi nimeingia kwa Mzee Hamisi, fundi wa nguo, na kitambaa changu cha kanzu ya Idi. Mlangoni kuna kibao kipya: TUNASHONA SULUARI.

Nikaanza. "Yewe! Huyu kashika brashi kwa mguu?"

Wateja wakacheka. Nikazidisha. (Hata nyinyi mngezidisha!)

Mzee akasema taratibu, "Kaandika binti yangu, Zaina."

Zaina alikuwa pale pale, kwenye cherehani. Na kanzu zote za duka hilo anashona yeye!

Akanikunjia kitambaa vizuri, akanirudishia. "Kaka msomi, tafuta fundi anayejua kuandika."

Nimezunguka hadi mtaa wa Biryogo. Wiki ya mwisho ya Ramadhani hakuna fundi anayepokea kitambaa, hata umlilie.

Mwenye kanzu ya kuazima aseme.

Mnacheka, sivyo? Nilijua.

Haya, chekeni. Idi nitaswali na shati la shule iliyonifukuza.