Mwendo wa Birika

Ukiwaeleza watu wazima kazi ya Mahbuba binti Marhoon, kwanza hucheka, kisha huuliza kazi yenyewe hasa ni ipi. Anachora katuni za kampuni. Wauza maziwa wakitaka ng'ombe wa kuwachekesha watoto, benki ikitaka kibubu chenye macho, yeye ndiye anayewachora na kuwatia roho kwenye kompyuta mpaka watembee na kukonyeza. Ofisi yao iko Hamriya, hapa Maskati, ghorofani juu ya maduka ya vitambaa, na nyumba iko Mabela, kwa hiyo nusu ya maisha yake yanapita barabarani. Halalamiki. Mtu anayeshinda kwenye kiyoyozi akichora ng'ombe ana haki gani ya kulalamika?

Mwaka huu ikaja kampuni ya majani ya chai. Chai yao inauzwa Maskati, Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, wakataka katuni moja ipendwe kote. Eti moja! Watu wa nyumba moja hawakubaliani chai itiwe sukari kiasi gani, sembuse nchi tatu. Mahbuba akaanza na bibi mmoja mkarimu. Akamvisha nguo nyeusi ya heshima, Dar wakasema mbona kama ametoka matangani. Akambadilisha, akamvisha kanga na mikufu, Maskati wakasema bibi wa watu hatoki mbele ya wageni vile. Akamkoleza rangi, akampunguza rangi, na kila mara kuna waliouliza huyu wa wapi. Ikawa vuta nikuvute mpaka Talal, mwenye ofisi, akamwambia waziwazi: mwezi ukiisha bila katuni, kazi inahamia Dubai.

Hapo ndipo akaja na birika. Birika halina kabila wala halivai ushungi, na hakuna nyumba isiyokuwa nalo. Akalichora lina tumbo nene, mdomo mrefu na macho ya bashasha, na kote wakalikubali. Likabaki tatizo moja, mwendo. Kila alipolitembeza lilikwenda kama askari wa gwaride, na nani anataka kuletewa chai na askari? Wenye kazi hii wanajua kwamba roho ya katuni haimo machoni. Imo kwenye mwendo, na mwendo ukikosekana hata ulipake rangi za dunia nzima litabaki bati.

Siku moja baada ya magharibi amekaa sebuleni, mama yake, Bi Khole, akatoka jikoni na sinia ya chai. Bi Khole alifanyiwa upasuaji wa goti na goti halikukaa sawa. Anakwenda kwa kuyumba, mguu mmoja unavuta, mwengine unapokea, na akifika katikati ya chumba husimama kidogo kabla ya kuendelea. Mahbuba alikwisha kumwona akija hivyo kila jioni, ila jioni ile aliona birika. Akakimbilia kompyuta, akalitia mwendo uleule, kuyumba, kuvuta na kusimama. Likawa hai. Akacheka peke yake na machozi yakamlenga, kwa sababu lilikuwa linakuja kama linampenda yule linayemletea chai.

Nchi zote tatu zikalipenda. Talal akaagiza halwa, ofisi nzima ikala.

Aliyemwondolea raha ni mdogo wake, Maram. Alioneshwa kwenye simu, akacheka, kisha kicheko kikamkatika. "Huyu si mama?" akauliza.

Ngojeni niwaambie uzito wa neno hilo. Tangu upasuaji, Bi Khole hajakanyaga arusi. Arusi zetu mnazijua: ukumbi mrefu, wanawake wamekaa huku na huku, na kila anayeingia hupita katikati mpaka kwa bi arusi huku macho yakimpima toka utosini hadi kisiginoni. Mwanamke aliyekuwa hakosi shughuli akawa kila mwaliko ana udhuru, leo presha, kesho wageni. Wiki ileile alikuwa ameshamwambia Balqees, binti wa dada yake anayeolewa, kwamba Ijumaa hatofika. Ndani ya nyumba kila mtu alijua ni ule mwendo, na hakuna aliyethubutu kuutaja. Sasa mwanawe wa kumzaa kauchukua kenda kuuanika kwenye televisheni.

Mahbuba akanyong'onyea. Akijinyamazia, mama atajiona siku moja mbele za watu. Akisema, na mama akakataa, katuni imekufa. Maram akamshauri abadilishe mguu unaovuta, mama hatojua. Akajaribu kweli, wala simtetei, na birika likarudi kuwa askari. Mwisho akaona mficha uchi hazai.

Akamfuata mama yake alasiri, amekaa kitandani anamenya iliki. Akamweleza yote, wale bibi waliokataliwa, Dubai, sinia, na kwamba amekosa kwa kutoomba ruhusa. Kisha akampa simu. Bi Khole akatafuta miwani, akatazama. Akatazama tena. Uso haukuonesha kitu. Mahbuba akaanza kusema kwamba yuko tayari kulifuta, lakini mama yake akamnyamazisha kwa kidole.

"Hapa umenikosea," akasema. "Unalisimamisha kama limechoka. Mimi sisimami kwa kuchoka."

"Unasimama kwa nini, mama?"

"Nnatazama nani hana kikombe."

Nyumba nzima ilidhani ni goti, wakawa wanageuza nyuso kwa adabu wasimwone anavyoumia, kumbe muda wote yeye alikuwa anawatazama wao, mmoja mmoja. Mahbuba akalia, na Bi Khole akamwacha alie huku anaendelea na iliki zake.

Baadaye wakakaa pamoja mbele ya kompyuta. Birika likifika katikati linasimama na kugeuza mdomo taratibu, huyu anacho, yule hana, ndipo linakwenda kwa asiyekuwa nacho. Bi Khole alilikosoa mpaka likamridhisha. Mahbuba akamkumbusha, kwa sauti ndogo, kwamba litaonekana kila mahali, na wanaomjua watamjua.

Bi Khole akaweka mkono juu ya goti.

"Kama nchi tatu zitanitazama nnavyokwenda," akasema, "basi na wa arusini wanitazame. Mpigie Balqees, mwambie Ijumaa nnakuja."

Mahbuba akapiga palepale, kabla mama hajabadili mawazo.