Sare ya Kidole

Dada yangu ni fundi cherehani, na hana dogo. Mteja akija amevaa gauni la dukani lililokaa upande, atamwambia mbele ya watu kwamba amevaa gunia. Mimi humshonea vifungo na kupiga pasi pale kibandani kwake, kwa hiyo nimeyasikia yote.

Mimba ya mapacha ilimtesa. Presha ilipanda, miguu ikavimba, daktari akamlaza wodini na kumkataza hata kwenda bafuni peke yake. Watoto nao hawakusubiri siku zao zitimie. Wa kwanza alitoka akipiga kelele, tukamwita Bosi. Wa pili alichelewa kuvuta pumzi. Shemeji alipoonyeshwa alisema huyu si mtoto, ni kidole, kisha akalia palepale. Jina likabaki. Dada na shemeji walipokezana kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akaongezeka uzito wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Bosi alipoanza kutembea, Kidole alikuwa hata kukaa hajaweza. Daktari alieleza kwamba ubongo uliumia alipokosa hewa: miguu na mkono wa kushoto vitabaki vigumu, ila akili anazo. Dada alimsikiliza, akamshukuru, akatoka nje na kutuambia mtoto anachelewa tu. Mazoezi ya viungo hakumkosesha, wala dawa. Lakini kwenye nguo aligoma. Kila kitambaa alikikunja mara mbili, akakata nguo mbili kwa kipimo cha Bosi. Mapacha ni mapacha, alisema. Kumvalisha Kidole ikawa vita: mkono hauingii, mtoto analia, mama anausukuma huku jasho likimtoka. Nilipofungua mdomo niliambiwa nihangaike na vifungo vyangu. Nilikasirika sana. Mtu anapima mtaa mzima, na mwanawe hajawahi kumwekea tepu!

Umri wa shule ukafika. Mwalimu wa darasa la awali alikubali kumpokea Kidole kwa majaribio, lakini kabla wiki haijaisha alitufuata kibandani, akavuta stuli akakaa.

"Mama, mtoto anaelewa kila kitu," alisema. "Shida ni akijichafua. Sare ile siwezi kumvua bila kumuumiza, na darasa zima linanisubiri. Ikiendelea hivi sitamweza."

Dada aliichomoa sare ya Kidole kwenye nguo zilizosubiri pasi. Mwalimu alipoondoka nilingoja hasira zihamie kwangu, lakini Dada alibaki ameishika ile sare tu. Bosi, aliyekuwa chini ya meza akichezea vipande vya vitambaa, ndiye aliyesema.

"Mama, Kidole humpimi. Unanipima mimi tu."

Dada aliivuta tepu shingoni mwake. Alimwinua Kidole kutoka mkekani, akamweka mapajani mwangu, akaanza kumpima polepole: bega hili, bega lile, mkono unaonyooka, mkono usionyooka. Tepu ilimtekenya Kidole, akacheka. Dada alikuwa analia na hakujificha.

"Bega la kushoto liko chini," aliniambia, kwa sauti ileile anayotumia kwa wateja. "Andika."

Nikaandika.

Alishona sare inayofunguka mgongoni kutoka shingoni hadi chini, kwa utepe wa kunata unaobanduka ukivutwa, na mkono wa kushoto akauachia nafasi. Mwalimu alikuja kuijaribu mwenyewe. Alimvua Kidole, akamvalisha tena, na mtoto hakulia. Akasema Jumatatu aletwe kama wenzake, mambo ya majaribio yameisha.

Mwalimu alipotoka, Bosi aliiangalia sare ile, akaiangalia yake, akavimbisha mashavu. Alilalamika kwamba sasa hawafanani. Dada akamwambia si kitu, kila mtu ana mwili wake na nguo yake. Maneno hayo hayakumwingia. Aligeuka, akampa mama yake mgongo.

"Na mimi nifungulie huku nyuma."

Dada akachukua mkasi.