Nilivyoiacha Kazi Yangu Ifutwe

Watu huniambia nisamehe. Huniambia ni mambo ya kompyuta tu, tena kompyuta kuukuu ambayo hata wanunuzi wa vyuma chakavu hawaitaki. Mimi nawasikiliza, nawamiminia chai, na sisamehi.

Mashine yenyewe niliiokota miaka ya tisini, nyuma ya chuo nilichosomea kompyuta hapa London. Walikuwa wanahamisha maabara, na vitu vya zamani wakavitupa kwenye pipa kubwa la chuma uani. Ilikuwa pana, nzito, rangi ya chai ya maziwa. Kampuni ya Kiingereza iliyoiunda ilikuwa imeshafilisika, na prosesa yake, ule ubongo wa ndani, ilikuwa ya aina ambayo karibu dunia nzima imeisahau. Niliipakata kwenye basi namba kumi na mbili mpaka Peckham, abiria wakinitazama kana kwamba nimeiba televisheni.

Peckham nilipanga pamoja na dada mmoja wa Bukavu aliyekuwa akifanya usafi maofisini. Mimi, mtoto wa Mombasa mwenye shahada yake, nilikuwa natunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Si kazi ya aibu, ila sikuvuka bahari kwa ajili yake. Kila mwajiri wa kompyuta alitaka mtu mwenye uzoefu wa hapa, na uzoefu wa hapa hupewi mpaka uajiriwe.

Mlango niliouona ulikuwa mmoja. Siku zile kulikuwa na watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakiandika Unix ya bure, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao yeyote angeweza kuuchukua na kuubadilisha. Fahari yao ilikuwa kuufanya mfumo huo ukubali kwenye kila aina ya mashine, na kadiri mashine ilivyokuwa ya ajabu ndivyo walivyozidi kukuheshimu. Aliyeuhamishia kwenye mashine mpya alijulikana jina, na makampuni yalikwenda kutafuta watu huko huko. Nikajiambia, hii yangu haijaguswa na mtu. Nikiiweza, jina langu litakaa juu ya kazi hiyo, nami nitaacha kuosha migongo ya watu.

Kazi yenyewe haina uzuri wa kusimulia. Unaandika, unawasha, mashine inakufa. Haikwambii imekufa kwa nini. Basi unaiagiza ichapishe herufi moja kwenye skrini kila inapopita hatua, ili ujue ilifika wapi kabla ya kuzimia. Leo inafika kwenye A, baada ya wiki mbili za kuumwa kichwa inafika kwenye B. Kilichonitesa zaidi ni saa ya ndani. Mwongozo wa kiwanda ulisema inapiga mara moja pale ilipokuwa inapiga mara mbili, na kila kitu kilichoitegemea kilikuwa kinachanganyikiwa. Mwongozo ulikuwa muongo. Niligundua hivyo kwa ukaidi tu, baada ya kuamini kwa muda mrefu kwamba mjinga ni mimi.

Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda kwenye kikundi cha wapenzi wa mashine za zamani, orofani kwenye baa moja karibu na Holborn. Wao na bia zao, mimi na maji yangu ya machungwa. Kiongozi wa kikundi alikuwa mhandisi Mwingereza aliyestaafu mapema, mwenye sauti nzuri ya kusomea taarifa ya habari. Naye alikuwa na mashine kama yangu, kwenye kibanda cha bustani yake, na hakuwa ameweza kuiwasha na Unix. Nikimuuliza jambo, jibu lake lilikuwa lile lile wanalopenda kuwatupia wageni wa fani hii: "Soma mwongozo." Wenzake wanacheka.

Mfumo ulikubali siku ya Jumapili, dada wa Bukavu akiwa anasonga ugali. Skrini ikauliza jina la mtumiaji, ikasubiri. Nilipiga ukelele akaja mbio na mwiko mkononi.

"Dada, ile frigo yako imesema!" akashangaa, maana kwake mashine ile ilikuwa kama friji. Tukacheza pale pale, mwiko ukidondosha ugali kwenye zulia.

Sasa, kwenye Unix hiyo si kila mtu aliruhusiwa kuingiza kazi kwenye hazina kuu, yaani ghala la pamoja la mfumo wote. Wachache ndio waliokuwa na ruhusa, na yule mhandisi alikuwa mmoja wao. Desturi ilikuwa hivi: asiye na ruhusa anampa kazi yake aliye nayo, naye akiiingiza anaongeza mstari mmoja wa kusema imeandikwa na fulani. Mstari mmoja tu. Hakuna sheria inayomlazimisha, ni uungwana. Nikampa kazi yangu yote. Akanipongeza, akanishika bega.

Baada ya muda nikaitwa kwenye usaili, kampuni ya kutengeneza vifaa vya mawasiliano. Nilivaa suti ya kuazima. Nikawaambia kwa kifua mbele kwamba mimi ndiye niliyehamisha Unix kwenye mashine fulani. Bwana aliyekuwa akinisaili alifurahi, akafungua kompyuta yake, akatafuta. Nikaona uso wake unabadilika. Akanigeuzia skrini taratibu, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniua. Faili baada ya faili, jina la mwandishi lilikuwa la yule mhandisi. Langu halikuwepo popote. Nilianza kujieleza, na kila nilivyojieleza nilizidi kusikika kama tapeli. Nikatoka pale na jasho limelowesha suti ya watu.

Jumamosi iliyofuata nilimkabili mbele ya wenzake.

"Ni mstari mmoja tu," akasema. "Sote hapa tunafanya kwa mapenzi. Na mimi nilihangaika sana kuisafisha."

Nilikuwa nimeshaangalia alichosafisha. Alikuwa amebadilisha nafasi tupu za mwanzo wa mistari. Basi. Kama mtu anayeingia nyumbani kwako, anasogeza kiti, kisha anadai nyumba kaijenga yeye. Wale wengine walitazama glasi zao, na nao sijawasamehe.

Nyumbani mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Dada, ule muzungu amekuiba," akasema. "Sasa utamufanya nini?"

"Dawa yake iko jikoni," nikamjibu, ingawa jikoni penyewe sikuwa na hata moto.

Moto aliuleta mhandisi mwenyewe. Haukupita mwaka, watu wakaanza kulalamika kwenye jukwaa la barua pepe kwamba kila toleo jipya la mfumo linaganda kwenye mashine hiyo. Akaniandikia, "Rafiki yangu, ile saa ya ndani inakuwaje?" Nikamjibu kwa maneno mawili: "Soma mwongozo." Na akausoma, maskini. Akaufuata neno kwa neno, akaharibu hata kilichokuwa kizima.

Mimi nilikuwa narekebisha ya kwangu. Kila toleo lilipotoka nililichukua, nikalitia mkono, likawaka, nikanyamaza. Niliendelea hivyo miaka. Kazi ya kompyuta niliipata hatimaye, kwa kuzunguka sana, kwa kuanzia kubadilisha wino wa printa kwenye ofisi za halmashauri. Nikahamia Tooting, nikaolewa, nikazaa, na mashine nikahama nayo. Binti yangu alipopata akili ya kutoa maoni alitaka niitupe, akaniambia, "Mum, just chuck it." Nikamwambia atakayeigusa atalala nje.

Yeye mhandisi kwa miaka hiyo alikuwa amevimba kichwa. Alialikwa kwenye mikutano kuzungumzia alivyohamisha Unix kwenye mashine ngumu kuliko zote. Mashine yake mwenyewe ilikuwa imeoza kibandani kwa unyevunyevu, lakini nani angekwenda kuangalia?

Ndipo likaja tangazo kwenye jukwaa. Wasimamizi wa mfumo waliuliza kama kuna yeyote ambaye mashine ya aina hiyo bado inawaka na toleo la sasa. Wenzetu hao hawapigi kura kwa jambo kama hilo. Akijitokeza mtu mmoja tu, akasema yangu inawaka, akabandika maneno yanayotokea mashine inapoamka, kazi inabaki. Asipojitokeza mtu, kazi yote inang'olewa kwenye hazina.

Mhandisi akaniandikia siku hiyo hiyo, barua ndefu, tamu. Alikuwa na hotuba mbele yake, na hakutaka kusimama kuhubiri kitu kilichofutwa. Nikamjibu kwamba nitajitokeza, ila kwanza yeye aandike mstari mmoja mbele ya watu wote, kwamba kazi ile ni yangu. Akasema yaliyopita yamepita, watu watachanganyikiwa, tusifukue makaburi.

Nikatulia kama maji mtungini.

Sitadanganya kwamba haikuniuma. Mashine ilikuwa mbele yangu, inawaka vizuri, na maneno yake ya kuamka nilikuwa nimeshayanakili kwenye barua. Ilibaki kubonyeza tu. Ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, niliyoifanya mikono ikinuka sabuni ya wazee. Nikimnyima yeye, najinyima mimi. Niliipima hasara hiyo, nikaona niko tayari kuila, mradi naye aile. Nikaifuta barua.

Walipoing'oa, tangazo lilitaja kila faili lililoondolewa. Nililisoma lote, nikalia, kisha nikacheka mpaka binti yangu akaja kuchungulia.

Mhandisi akanipigia simu jioni, nikiwa napika chapati. Ile sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imekwisha.

"Iko hai kwako," akasema. "Najua iko hai. Ungesema neno moja tu, ingebaki."

"Ningesema kama nani?" nikamuuliza. "Huko hakuna anayenijua. Wewe ulihakikisha."

Nikapaka chapati mafuta. 

"Unaweza kunitumia nakala?" akauliza mwishowe, taratibu. "Nitaandika jina lako. Popote utakapotaka."

Nikamwambia tayari limeandikwa, linatokea kila nikiiwasha mashine yangu. Kisha nikakata simu, nikageuza chapati.