Mji wa Mashujaa wa Ezéchiel

Ezéchiel alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi ya Kisangani, na usahihi wake ulikuwa unakera. Ukimwambia nyumba yako iko karibu na soko, anakuuliza hatua ngapi. Mke wake, Agathe, alikuwa akisema ameolewa na rula. Mimi Kasoki, muuza vitenge niliyetoka Butembo, nilimpenda kama kaka, na mpaka leo namkasirikia.

Vita vilipoingia, majeshi mawili ya kigeni yakagawana mji na ofisi ya ardhi ikafungwa. Nani anunue kiwanja ambacho kesho kitachimbwa handaki? Ezéchiel akabaki na kalamu zake, pamoja na kitabu cha Kifaransa alichoachiwa na mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekimbia. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia hatari, wengine wanajifanya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na dadu inaamua nani kashinda. Tulicheza mchana sebuleni kwangu, sisi watatu na Asumani, mwendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Mizinga ikilia tuliendelea kutupa dadu. Ushujaa mwingine hatukuwa nao.

Shida ni kwamba mashujaa wa kitabu kile waliishi kwenye maghorofa ya Amerika.

"Na sisi tutaruka kutoka juu ya nini?" niliuliza. "Juu ya kibanda ya kuuza majani ya pondu?"

Basi Ezéchiel akaamua kutuandikia kitabu cha mji wetu wenyewe, ili mashujaa wapate pa kuishi. Alikifanyia kazi miezi minane, mwaka 1999, kwenye daftari kubwa la ofisi. Alichora kila mtaa, kila daraja. Kwenye maporomoko ya Wagenia aliweka mwanamke anayezuia mto kwa kiganja. Katikati ya mtaa wa Makiso aliweka adui mkuu, anayekula majina ya watu; ukishaliwa jina, hata mama yako hakukumbuki. Niliposoma hapo nilifunga daftari nikaenda kupika.

Asumani yeye alifurahi kama bwana harusi.

"Papa Ezé, na mie uniweke mule ndani! Kwa jina yangu ya kweli. Na avenue pia, watu wajue ni mie."

"Chéri, badirisha majina," Agathe alimsihi.

"Ramani ya uongo haina kazi," Ezéchiel akajibu, akaandika: *Asumani, avenue ya tisa, Tshopo. Risasi haimpati. Hupita kwenye barrière bila kuonekana.* Akachora hadi mlango wa nyumba.

Siku mimi na Ezéchiel tuliyokwenda Makiso kutoa kopi, wanajeshi walitusimamisha kwenye barrière, kizuizi chao cha barabarani, wakafungua mfuko, wakalikuta daftari. Wakatupeleka kwa ofisa wao, mtu mpole, aliyenipa kiti. Alisoma polepole. Mwaka ule Mayi-Mayi, wapiganaji wa msituni, walijipaka dawa wakaapa kwamba risasi zinageuka maji mwilini mwao, na wanajeshi wengi waliamini.

"Huyu Asumani ni Mayi-Mayi," ofisa akasema.

"Hapana, mon commandant. Ni jeu, muchezo ya dadu. Ni mie nilitunga yote."

"Bwana, nimepigana nao Bafwasende. Najua nilichokiona." Akalifunga daftari. "Lakini sitaki kukuonea. Vijana wangu watamleta huyo Asumani hapa, tutampiga risasi moja. Ikimpata, nitajua ulisema kweli, na wewe utakwenda nyumbani."

Nilicheka. Ni aibu, lakini nilicheka, kwa sababu nilidhani naye anacheza.

Ezéchiel hakucheka. Alijua jinsi alivyoichora nyumba ile, kipofu angefika. Akatoa kalamu mfukoni.

"Mon commandant, pale kuna kosa." Katika miaka kumi na miwili ya kumfahamu sikuwahi kumsikia akikiri kosa kwenye ramani. "Asumani ni jina ya kuficha tu. Avenue ile ni ya uongo. Mutu yenyewe ni mie." Akalifungua daftari, akaikata kwa kalamu ile anwani na jina, akaandika lake, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisi.

Ofisa akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, wewe unamjua. Ni yeye, au tumtafute Asumani?"

Ningependa kusema kwamba nilipigwa na bumbuwazi. Si kweli. Nilipata muda wa kufikiri, na nilifikiri kama mtu wa soko anayelinganisha vitambaa viwili. Asumani ana watoto wanne na wa tano yuko njiani. Ezéchiel na Agathe hawakujaliwa. Na mimi mwenyewe nilitaka kutoka pale nikiwa hai. Ezéchiel alikuwa ananiangalia, na nilimchukia kwa kuniachia neno lile nilitamke mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."

Wakamzungusha nyuma ya jengo. Ulisikika mlio mmoja tu. Ofisa alirudi na daftari mkononi, ameinamisha kichwa, akaniwekea magotini taratibu.

"Kumbe kweli ulikuwa mchezo," akasema. "Pole sana, mama. Unaweza kwenda."