Sala Fupi Pale Kamanga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa Kamanga nasubiri kivuko cha kwenda Mwanza. Elias, kifungua mimba wangu, alikuwa bado ananyonya, na homa ilikuwa imempanda mpaka akaacha kulia. Zahanati ya kijijini kwa wakwe zangu, nilikokwenda kuwatembelea, ilikuwa imeishiwa dawa, na kivuko kilikuwa bado ng'ambo.

Wakati huo nilikuwa mtu wa mjini, eti. Soko huria lilipoingia, mume wangu alipata kibarua katika kiwanda cha minofu ya sangara, tukahamia Mabatini, hapo Mwanza, na huko nikazoea mikutano ya injili yenye vipaza sauti. Nikadhani Mungu husikia kwa kadiri ya kelele. Basi nikampa mtoto mama mkwe, aliyekuwa akinisindikiza, nikainua mikono, nikakemea homa, nikakemea na kivuko. Watu wakanipisha.

Mama mkwe alikuwa mkulima wa pamba, Mkristo wa siku nyingi, si mtu wa maneno. Akanivuta kanga.

"Mama Elias, unampa Mungu habari alizo nazo. Pokea mtoto wako."

"Naomba, mama."

"Omba umemshika. Ukivuta pumzi, sema 'Bwana Yesu'. Ukiishusha, 'utuhurumie'. Kisha rudia. Usiongeze neno."

Niliona haya, na hasira pia, lakini nikatii. Mawazo yakatawanyika kama kuku waliofunguliwa. Nikayaacha, nikarudi kwenye maneno yale. Polepole nikatulia. Ndipo nikamhisi Elias, amelowa jasho ndani ya blanketi nililomfunga mwenyewe, midomo imekauka. Nikamfungua. Kunyonya hakuweza, nikamkamulia maziwa mdomoni, tone kwa tone, mpaka akameza. Tukavuka hivyo. Daktari alisema kama angeishiwa maji zaidi ya pale, asingefika.

Sitakudanganya, homa iliondolewa na sindano. Sala ilinirudisha mimi kwa mtoto.

Kwa hiyo, mwanangu, chagua maneno machache ukae nayo, jikoni, shambani, kwenye foleni. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma vya kutosha. Usihesabu umerudia mara ngapi, wala usitafute msisimko. Mawazo yakitoroka usijigombeze, rudi tu. Siku usiyosikia lolote moyoni, endelea vilevile. Na ukishatulia, mtazame aliye karibu nawe, maana huenda ndiye ambaye Mungu anakuonyesha.

Bwana akupe moyo uliotulia, na wale aliokukabidhi wasikukose ukiwa katika sala.