Majina Niliyoyakata

Mjomba wangu wa Tongaren haimbi kabla ya kutaja watu. Huku akidonoa nyuzi za litungu lake, kinubi cha Wabukusu, polepole, anaanza na fundi aliyelichonga, kisha mwenye ng'ombe aliyetoa ngozi, kisha mzee aliyemfundisha kupiga, halafu mke wake aliyevumilia makelele ya kujifunza. Ukiwa na haraka utatamani kumziba mdomo.

Mimi nilikuwa na haraka. Nilimrekodi kwa simu, nikarudi kwangu Kitale, nikazikata zile dakika mbili za majina kwenye kompyuta. Nilijiona mtaalamu kweli! Nikauweka wimbo mtandaoni, mahali ambapo wanamuziki wasio na kampuni huachiana kazi zao bure. Sharti nililoweka lilikuwa moja tu: chukua, badilisha, cheza popote, ila umtaje aliyepiga.

Baada ya wiki chache, mtu wa nchi ya mbali aliongezea ngoma zake. Akamtaja mjomba bila kukosea hata herufi. Nilifurahi kupita kiasi, nikaenda Tongaren kumsikilizisha.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na watu wangu wako wapi?"

"Niliwatoa kidogo, Mjomba. Watu wa huko si hawawajui?"

"Ati uliwatoa? Huyu wa ngoma hanijui, na amenitaja. Wewe unawajua wote, na umewatoa."

Akalitundika litungu ukutani. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukakamaa, na nilijua likikaa hapo miezi michache hataweza kulipiga tena. Nilirudi Kitale nimenywea. Ningejitetea vipi, na sharti lilikuwa langu mwenyewe?

Jumapili iliyofuata nilirudi na daftari. Nilimwomba msamaha, kisha nikamwomba anitajie majina yote niyaandike. Alianza kwa kununa. Mkewe akawa anamsahihisha kutoka jikoni, na walipofika kwa mwenye ng'ombe walikuwa wakibishana na kucheka. Nilipomaliza kuandika, mjomba mwenyewe alinyanyuka akalishusha litungu.

"Huyu wa ngoma anaitwa nani?"

"Simjui jina, Mjomba. Huko anatumia la utani tu."

"Basi ni mgeni wetu."

Alipiga dakika kumi na moja. Mara tatu kidole kiligoma, akarudia, nami sikufuta kitu. Rekodi hiyo iko mtandaoni nzima, na majina yote yameandikwa chini yake. Namshukuru mjomba kwa kila dakika yake, na namshukuru yule mgeni, popote alipo, kwa kunifundisha adabu ya nyumbani kwetu.

Siku hiyo mjomba alimtaja fundi, mwenye ng'ombe, mwalimu wake, mkewe, na mgeni wa ngoma. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema kwa Kibukusu, bila kuniangalia, "Na mtoto wa dada yangu, aliyeshika simu."

Hapo rekodi inakwaruza, maana nilisogeza simu karibu naye. Hapo pia sijakata.